Mmbea Amenyamaza

Karakana, chini ya mlima
3 Februari

Kaka,

Nimepata kazi! Na kabla hujauliza: ndiyo, kwenye vile vifaa vyenu vya kufanya magari yaongee. Wiki mbili zilizopita msimamizi wa karakana alinipa kifaa kibovu na bisibisi mbele ya vijana wanne wenye vyeti, akasema, "Haya binti, wewe uliyejisomea chumbani, tuone." Mimi cheti sina, ninayo ile redio ya Mama niliyoiunguza nikiwa na miaka minane mpaka Baba akaniita Cheche. Dakika ishirini tu, Kaka! Nikakuta waya wa antena umebanwa na skrubu, nikaunyoosha, nikaunga, kikawaka. Msimamizi akakohoa kidogo, akasema, "Kesho uje na viatu vya kufunika vidole." Basi hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Leo nimefunga sita peke yangu. Ila kazi kubwa si kufunga, kazi ni mdomo. Madereva wa malori wanakiogopa hatari. Wameshakipa na jina: mmbea. "Huyu mmbea wenu atapeleka maneno yangu kwa nani?" Nawaambia anapeleka kwa magari wenzako. Ukikanyaga breki ghafla, lori la nyuma linapata habari kabla dereva wake hajaona kitu. Ukiharibikiwa kwenye kona kule mlimani, ukungu umeshuka huoni hata pua ya gari lako, mmbea anawapigia kelele walio nusu kilomita nyuma: jamani, hapa kuna mtu kasimama! Kwenye kioo chao inawaka nyekundu na kengele inalia. Wanaelewa. Halafu wanauliza swali lile lile: "Na polisi je?"

Hapo natoa kubwa langu. Nasema kanuni ina kifungu cha kumi na moja: taarifa za kifaa ni za usalama tu, hazimtozi mtu faini. Na aliyekiandika namjua, nimekula naye sahani moja tangu sijaota meno. Wanacheka, wanapandisha boneti.

Wa kwanza kukubali alikuwa Mtaratibu, yule rafiki wa Baba anayeendesha kama amebeba mayai. Alisema, "Mfungie mmbea wako, binti yangu. Mimi sina cha kuficha, hata mke wangu analalamika kwamba sina." Baba ndiye aliyegoma wiki nzima. Anasema lori lake Shangazi tayari linalalamika likipanda na likishuka, la nini kulitafutia shoga wa kulalamika naye. Jana nimemfungia hivyo hivyo, akiwa anakunywa chai.

Najua utacheka kwamba mfunga mitambo ya kuongea anaandika kwa kalamu. Lakini wewe kwenye simu unasema "niko kikaoni" halafu unakata. Karatasi huwezi kuikata. Na Baba anapita kwako na kwangu kila wiki, posta ya bure. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili.

Nijibu kitu kimoja tu: kile kifungu kimepita, sivyo? Maana nimeshaapa mbele za watu.

Cheche


Ofisini
12 Februari

Cheche wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimefunga mlango ili nicheke vizuri. Hongera. Mama angekupikia kitu leo.

Huku mambo yanakwenda. Ushuru wa vifaa bandarini umeondolewa kabisa. Malori ya zamani yanafungiwa bure mwaka huu, maana tajiri mwenye lori jipya hahitaji kusukumwa, anayehitaji ni mtu kama Baba. Minara midogo ya kupokea sauti za magari itasimama kila kilomita mbili kule mlimani. Na kwenye mizani, lori lenye taa ya kijani ya kifaa litapita bila foleni. Hilo la mizani ni wazo langu. Niliwaambia wakubwa: mtu aliyekaa foleni saa tano juani, ukimwonyesha njia ya kupita moja kwa moja, atafunga kifaa bila kuhubiriwa. Mkurugenzi alilipenda. Kila Jumatatu anauliza swali moja tu, "Tumefunga vingapi?" Tumefika elfu moja na mia mbili.

Kuhusu kifungu, usiwe na wasiwasi. Kipo. Ila wakati mwingine ukiongea na madereva usitaje namba, maana namba za vifungu hubadilika rasimu ikichapwa upya. Waambie tu ni kwa ajili ya usalama wao.

Msalimie Mtaratibu. Mwambie Baba apunguze sukari kwenye chai.

Kaka yako


Karakana
9 Aprili

Kaka,

Kipo wapi?

Nakuuliza kifungu, kipo wapi? Leo asubuhi wamekuja madereva kumi na moja getini na karatasi mikononi. Faini. Kila karatasi ina saa, dakika, jina la barabara na mwendo, na chini imeandikwa: taarifa imetolewa na kifaa kilichomo ndani ya gari. Kifaa nilichofunga mimi! Mmoja aliigongesha karatasi kwenye meza yangu, akasema, "Shikamoo Afande." Wote wakadakia: Afande, Afande, saluti! Mpaka muuza maji ananiita Afande. Msimamizi ananiambia nizoee. Mimi sijazoea kuitwa mwongo, Kaka.

Baba ana tatu. Tatu kwa mwezi mmoja, zote pale kwenye mteremko ambapo kibao kinasema arobaini, na hakuna lori lenye mzigo duniani linaloshuka pale kwa arobaini bila kuunguza breki. Wewe unajua, umeshapanda Shangazi. Zikifika tano wanachukua leseni. Ana miaka hamsini na tisa. Nani atampa usukani tena? Jana alikaa ngazini kwangu akiikunja ile karatasi na kuikunjua. Akaniambia, "Usigombane na kaka yako. Ofisi ina wakubwa wake."

Wamejaribu kuving'oa. Lakini ukikosa taa ya kijani unarudi foleni ya mizani, na mwenye mzigo hakusubiri, anatafuta dereva mwingine. Mmewashika huku na huku. Hongera kwa wazo lako.

Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

C.


Nyumbani
15 Aprili

Cheche,

Ukweli ni huu. Kifungu kilibadilishwa siku za mwisho kabla ya kusainiwa. Watu wa hazina walisema minara ya mlimani inahitaji fedha ya kuitunza, na serikali imeshasamehe ushuru, basi fedha itoke wapi? Mtu mmoja mwenye suti nzuri akasema, "Vifaa tayari vinajua nani anakimbia." Chumba kizima kikamwangalia kama amefufua mtu. Wakafuta maneno "haitatumika", wakaandika "inaweza kutumika". Neno moja tu. Nilikuwemo, naandika kumbukumbu za kikao. Nilinyoosha mkono, nikaambiwa dakika zimekwisha.

Nimeandika waraka wa kuomba kirudishwe. Uko kwa mkurugenzi, chini ya karatasi nyingine. Nitaufuatilia. Mwambie Baba ashuke taratibu hata kama wenzake wanampigia honi.

Samahani kwa yale ya Afande.

Kaka yako


Karakana
30 Mei

Kaka mpendwa,

Leo sina ugomvi, leo nina raha! Baba hajapata faini wiki ya tano sasa. Hakuna anayeniita Afande, wananiita Daktari. Jana nimeletewa machungwa.

Wewe si ulishindwa na kalamu? Mimi nimefanya na bisibisi. Sikiliza, maana najua utapenda akili yake. Nilikaa na kifaa kimoja kibovu siku tatu, nikakichambua mpaka mfupa. Ndani kuna midomo miwili. Mmoja unaongea na magari ya karibu, kwa redio. Mwingine una laini kama ya simu, unapeleka mwendo wako kwenye mitambo yenu huko. Nikasema, kumbe ni rahisi hivi! Nakata njia ya ule mdomo wa pili tu, waya mmoja mwembamba kama unywele. Taa inabaki kijani, mizani wanapita. Redio nimeipima mwenyewe: lori la Baba na la mwenzake uwanjani, huyu akikanyaga breki, kwa yule kengele inalia. Inalia, Kaka! Yaani sasa kinafanya kile kile ulichoandika mwanzo: usalama tu, faini hapana. Nimekirudisha kifungu chako.

Nimeshafanya malori thelathini na nane. Sichukui kitu, nikichukua nitakuwa mwizi. Mtaratibu pekee amekataa. "Mimi nashuka kwa arobaini hata nikiwa kwa miguu," kasema, "wangu uache kama ulivyo." Tukacheka mpaka basi.

Usinikasirikie. Ichome hii ukimaliza kusoma.

Daktari Cheche


Ofisini
6 Juni

Cheche,

Soma hii ukiwa umekaa, halafu inuka uende ukarudishe nyaya zote. Leo hii, si kesho.

Sikukasirikii. Lakini kuna kitu hukijui, na hukijui kwa sababu yangu. Kila kifaa kinapewa kibali na mitambo yetu, kupitia ule mdomo wa pili. Kibali kinaishi siku saba. Kikiisha bila kupata kingine, magari mengine yanaacha kukisikiliza kifaa hicho. Kinapiga kelele, lakini kwao ni kama hakipo, kioo chao hakiwaki. Tuliweka hivyo ili mhuni asitengeneze kifaa cha uongo akasimamisha magari barabarani. Ulipima uwanjani siku ile ile uliyokata, kibali kikiwa hai. Ungepima siku ya nane usingesikia kengele.

Imeandikwa yote kwenye kiambatisho cha tatu. Kilitakiwa kupelekwa kila karakana. Nakala zenu ziko kwenye kabati nyuma yangu, boksi zima, zinasubiri saini ya kuidhinisha usafirishaji.

Na sisi huku hatukugundua. Tunahesabu vilivyofungwa. Vinavyosema hatukuwahi kuvihesabu. Kwenye ripoti yetu malori yako yote ni mazima.

Nilitaka kupiga simu. Yangu ni ya wizara, na jambo hili likisikika na mtu utafungwa. Baba ameegesha hapa nje, anaondoka kesho alfajiri, keshokutwa unayo mkononi. Ukungu bado haujaanza. Rudisha nyaya, Cheche. Faini tutajua la kufanya.

Kaka yako


Nyumbani kwa Baba
11 Juni

Kaka,

Barua yako nimeisoma leo. Polisi wamenipa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kofia ya Baba, miwani, na chupa yake ya chai. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Ina alama ya buti juu.

Simu ulinipigia mara sita siku ile ya ajali, tarehe nane, baada ya habari kufika kwenu. Ningekupokea nikwambie nini? Naandika, labda mkono utaweza.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, kona ya tisa, Baba anashuka. Bomba la upepo la Shangazi lilipasuka, breki zikajifunga zenyewe, lori likasimama katikati ya njia. Na ukungu, Kaka. Ulishuka mapema mwaka huu, ulishuka siku hiyo hiyo. Unajua Baba miaka yote akisimama hivyo hata pumzi hatoi kwanza: anashika panga, anakata matawi, anakimbia kuyapanga barabarani nyuma, hatua mia moja. Safari hii hakukata. Nimemuuliza hospitali, polisi kasimama mlangoni. "Kwa nini hukuweka matawi, Baba?" Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Si ulisema mmbea anawaambia?"

Alikuwa ubavuni mwa lori, anafunga bomba kwa mpira. Nyuma yake alikuwa anakuja Mtaratibu na mzigo wa saruji. Taratibu, kama kawaida yake. Kioo chake hakikuonyesha kitu, akajua njia ni nyeupe.

Mmbea wake amekutwa mzima, hana hata ufa. Mbele yake pameandikwa: barabara salama.

Baba kavunjika mkono na bega. Mtaratibu tumemzika jana. Mke wake alinishika mikono miwili, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye binti aliyemfungia kile kifaa. Alikuwa anakisifu kila siku." Akaniletea kiti nikae. Kaka, nilikaa. Nilikaa kwenye kiti cha yule mama.

Sasa sikiliza hili. Wakaguzi walifungua kifaa cha Baba, wakauona waya. Wamemuuliza nani amekata. Kasema, "Mimi." Wamemuuliza kwa kutumia nini. Kasema, "Kisu cha kumenyea machungwa." Kisu! Mtu asiyeweza kubadili betri ya tochi. Wameandika hivyo hivyo.

Nifanye nini?

Cheche


Nyumbani
14 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea kondakta wa basi, mtu ninayemwamini.

Juzi nilikuja hospitali, nikakaa na Baba saa nzima ukiwa umelala nyumbani. Ameniambia niseme nawe hivi, neno kwa neno: "Cheche asifungue mdomo. Mimi nimeshaendesha vya kutosha. Yeye hajaanza." Anajua wakimpata na hatia ni miaka mitano. Anasema huko ndani angalau hakuna mteremko. Alijaribu kucheka, bega likamkataza.

Wizara imeunda kamati ya uchunguzi. Katibu wake ni mimi. Nilitaka kukataa, kisha nikaona ni heri kalamu iwe mkononi mwangu. Ripoti inaandikwa kuelekea uzembe wa dereva: alichezea kifaa, hakuweka alama nyuma ya gari. Faili litafungwa mwisho wa mwezi. Halitakugusa.

Nakuomba unyamaze. Nakuomba mimi, si Baba tu. Nimeshampoteza Mama, Baba anaondoka, nikikupoteza na wewe nitakuwa nampelekea nani habari?

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli sasa, acha nimalize wangu. Nilikwambia kifungu kilibadilishwa siku za mwisho. Si kweli. Kilibadilishwa tarehe 20 Januari. Ulipoandika ile barua yako ya kwanza, ya furaha, kilikuwa kimeshafutwa wiki mbili. Nilikaa na karatasi mbele yangu, nikatafuta maneno ya kukwambia, nikakosa, nikaandika "kipo". Nilifikiri nitakirudisha kabla hujajua. Na sikutaka uache kuwa na furaha wiki ile.

Kaka


Karakana
19 Juni

Kaka,

Barua yako yote, kurasa mbili, umehesabu Mama, Baba, mimi na wewe. Hukuhesabu thelathini na saba.

Thelathini na nane toa la Baba! Yako barabarani sasa hivi, taa kijani, yamenyamaza, na ukungu unashuka kila siku. Nani anayajua? Mimi tu. Wewe na Baba mnataka nikae kimya ili nisifungwe, halafu kila asubuhi nikisikia gari la wagonjwa nitoke nje kuuliza ni kona ya ngapi. Hapana. Siwezi. Nilijaribu siku nne na nilishindwa hata kumeza chai.

Kwa hiyo juzi nilisimama getini saa kumi na mbili asubuhi. Kila aliyeingia niliyemkatia, nilimwambia palepale, bila kuzunguka: "Mmbea wako amekufa. Niliua mimi, sikujua. Mtaratibu amekufa kwa sababu hiyo. Zima injini nikurudishie." Unataka kujua walivyosema? Mmoja alinitemea miguuni. Mmoja alilia kabisa, mtu mzima, akaenda kusimama nyuma ya tangi. Fundi matairi akanivuta pembeni: "Dada, unajichongea jela kwa mdomo wako mwenyewe?" Nikamwambia anishikie taa.

Nimefanya mchana kutwa siku mbili. Vidole vimeungua vyote. Ishirini na mbili nimerudisha.

Kumi na tano wamekataa. Wengine nimewafuata mpaka mizani, nikagonga vioo vya malori. Yule bwana mwenye ndevu nyeupe, anayesomesha watoto watano, aliteremsha kioo kidogo tu. "Binti, nina faini nne. Ukinirudishia, ya tano inakuja Ijumaa. Leseni ikienda, watoto wangu utawalea wewe?" Nikamwambia, "Mzee, ukungu." Akasema, "Ukungu naujua, huwa unatoka. Faini haitoki." Akapandisha kioo. Taa yake kijani, mizani wakampungia mkono apite.

Sikumlaumu. Nilikaa chini kwenye changarawe nikaona sasa kazi yangu imeishia hapo. Hii siyo ya bisibisi tena. Hawa kumi na tano hawatarudisha mpaka lile neno moja lirudi, na neno liko kwako.

Kesho asubuhi naenda polisi. Nitawaambia kisu cha machungwa ni cha Baba lakini waya ni wangu, na nitawapa namba za magari kumi na tano. Najua wao wataitwa wahalifu na mimi nitaitwa msaliti. Basi.

Barua zangu zote unazo. Ile niliyosema uichome nakujua hukuichoma. Ziweke mezani, mbele ya kamati, na zako pia, nimezitia humu kwenye bahasha. Na ile ya "kipo". Wasome wote. Wakisema Baba ni mzembe, waulize walitaka dereva afanye nini na kifaa kinachomwokoa asubuhi na kumshitaki jioni.

Usinipigie. Andika kile unachotakiwa kuandika.

Cheche


Ofisini
28 Juni

Cheche,

Askari wa mahabusu ameniahidi utapewa hii ikiwa imefunguliwa na kusomwa. Na isomwe.

Niliziweka mezani. Zote tisa, kwa tarehe, na karatasi ya 20 Januari juu yake, na boksi la viambatisho nililibeba mwenyewe kutoka kabatini nikalitua chini, kishindo kikamfanya mwenyekiti aruke. Waliomba mapumziko. Waliporudi, yule mwenye suti nzuri aliuliza kama ni lazima barua za kifamilia ziwe sehemu ya kumbukumbu. Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye katibu. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kama katibu. Ofisi nimepewa mpaka Ijumaa.

Kifungu kimerudi. "Haitatumika." Kimesainiwa jana saa tisa mchana, na faini zote zilizotokana na vifaa zimefutwa. Minara itatunzwa kwa fungu la barabara, fungu ambalo lilikuwepo siku zote. Ilichukua dakika arobaini. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Baba ametolewa kwa dhamana. Shitaka la waya limehamia kwako, lake limebaki la kutoweka alama. Nilikwenda kumchukua. Nilimfungulia mlango wa mbele, akapita, akakaa kiti cha nyuma, mkono kwenye bandeji. Miaka thelathini na nne ya usukani, sijawahi kumwona kiti cha nyuma. Njia nzima aliangalia dirishani. Karibu na nyumbani akasema, "Nilitaka mmoja wenu abaki." Ameingia ndani na kufunga mlango. Nimemwachia chakula kizingitini. Hajauliza habari zako, na ninajua ndizo pekee anazotaka.

Wakili anasema mwaka mmoja, labda miwili, kwa kuwa ulijitokeza. Mke wa Mtaratibu ameitwa kutoa ushahidi. Sijui atasema nini. Nilikwenda kwake, hakunipa kiti.

Tangu jana natumia mitambo kufanya kile ambacho hatukuwahi kufanya. Nimezitoa namba zako kumi na tano kwenye faili la polisi, ambako zilikuwa zimelala tu, nimeziweka kwenye ramani, nangoja kuona nani anaomba kibali. Tangazo la faini kufutwa limesomwa redioni mara nne. Karakana yenu inarudisha nyaya bila kuuliza jina. Jana jioni waliongea watatu. Leo asubuhi wakaongezeka sita. Yule wa ndevu nyeupe alikuwa wa nane, niliiona nukta yake ikiwaka pale mizani, nikasimama peke yangu ofisini kama mpumbavu.

Hapo wamefika tisa. Sasa ni saa nne, idara ya hewa inasema mlimani huoni hatua kumi. Nimepiga simu kwa wenye magari, wanasema madereva wako njiani hawapatikani.

Sita bado.

Kaka yako